Shauri la Lameck Kuhusu Ukavu wa Mkewe

KAMATI YA NDOA, MTAA WA KANISA, CHIWATA
Kikao Na. 4, Jumamosi 7 Oktoba 2023, vestri (chumba cha mavazi ya ibada kanisani)

Waliohudhuria: Mzee Cuthbert (Mwenyekiti), Mama Sabina, mkewe (Mjumbe), Bw. Nikolao (Mjumbe), Grace (Katibu)
Waalikwa: Lameck na mkewe Bibiana, na Shamila (Muuguzi wa zahanati)
Hakufika: Bw. Bartholomayo (anaokota korosho)

KUMB. NA. 4/1: KUFUNGUA
Kikao kilifunguliwa saa 3:20 asubuhi. Mwenyekiti aliagiza neno "uke" lisiandikwe. Katibu aliuliza aandike lipi. Mwenyekiti aliita shauri la kwanza.

KUMB. NA. 4/2: MALALAMIKO
Lameck alieleza kwamba tangu mtoto azaliwe, miezi mitano sasa, mkewe amekuwa mkavu ukeni, hivyo ana mwanaume mwingine. Alipoulizwa ni nani, alisema bado anachunguza. Bibiana alisema alimweleza mumewe kwamba anaumia, akaambiwa anadeka. Mwenyekiti alikumbusha kuwa shauri kama hili lilimalizwa mwaka jana kwa mwanamke kushauriwa avumilie. Muuguzi aliuliza kama maumivu yaliisha. Mwenyekiti alijibu kwamba shauri halijaletwa tena.

KUMB. NA. 4/3: MAELEZO YA MUUGUZI
Muuguzi alieleza kwamba kwa anayenyonyesha, homoni fulani hushuka na ute hupungua. Hali hiyo huwapata pia waliokoma hedhi, wanaotumia baadhi ya dawa, wanaojiosha ndani kwa sabuni, na wanaoharakishwa. Bw. Nikolao aliomba hilo la mwisho lirudiwe. Lilirudiwa. Muuguzi alisema ukavu si ushahidi wa uzinzi. Vilainishi vipo, na waliokoma hedhi wanaweza kuandikiwa na daktari krimu ya homoni.
Lameck alimwomba mkewe radhi. Bibiana alisema amesikia.
AZIMIO: Lameck amsindikize mkewe zahanati Jumatatu.

KUMB. NA. 4/4: MENGINEYO
Mama Sabina aliomba maelezo zaidi kuhusu waliokoma hedhi. Mwenyekiti alisema hiyo si ajenda. Mama Sabina alisimama, akasema: "Baba Sabina, mwaka wa sita huu unalala chumba cha wageni, unasema moyo wangu uko kwingine. Haujaenda popote. Nilikuwa naumia."
Mwenyekiti aliomba maneno hayo yafutwe. Kura: yafutwe, 1, yabaki, 3. Bw. Nikolao alinyoosha mkono bila kuinua kichwa.

KUMB. NA. 4/5: KUFUNGA
Mwenyekiti alimwuliza Muuguzi, kwa sauti ya chini, kama mume anaruhusiwa kuingia na mkewe kwa daktari. Aliambiwa anaruhusiwa. Kikao kilifungwa saa 5:10.

Cuthbert, Mwenyekiti ..................
Grace, Katibu ..................