Fremu Isiyo na Mtu

Alhamisi. Mvua imenyesha tangu alfajiri, Jangwani kumejaa maji, nimezunguka mbali kufika kazini, na bado nimefika natabasamu. Leo ilikuwa siku niliyoingoja kwa hamu. Sijawahi kumwombea mtu mabaya kwa furaha kiasi hiki.

Mtu mwenyewe ni Denis, meneja wa jengo letu.

Naandika tangu mwanzo, ili nikija kusoma baadaye nisijione mchawi. Mimi ni fundi wa shanga. Magauni ya sendofu na ya harusi yakishashonwa na wengine yanaletwa kwangu, nami natia shanga na lulu kwa mkono, moja moja. Fremu yangu iko Kariakoo, ghorofa ya tatu, katikati ya jengo, haina dirisha hata la kupitisha paka. Mbele kioo na mlango, nyuma ukuta, juu taa. Hiyo taa ndiyo jua langu.

Mwaka jana jengo likafanywa la kisasa. Paa zima likatandikwa sola, betri zikajaza chumba kule chini, na kila fremu ikapachikwa kidude cheupe darini. Kikiona mtu anatembea, taa inawaka. Kisipoona kitu kwa muda, kinazima, na mfumo wa kompyuta unaandika kwamba hakuna mtu. Swichi za ukutani wakaziondoa.

Sina ugomvi na sola. Naikumbuka Kariakoo ya mgao wa umeme, kila mlango na jenereta yake, moshi unaingia mpaka kwenye satini nyeupe, jioni ukipenga kamasi zinatoka nyeusi. Siku hizi umeme ukikatika mtaa mzima sisi hatuna habari. Na kwetu Newala, mtoto aliyeacha kibatari kinawaka kwenye chumba kitupu alichapwa. Hayo mambo ya kutopoteza nishati sikufundishwa na Denis.

Ugomvi wangu ni kwamba kazi yangu ni ya kutulia. Mwili hautikisiki, zinacheza ncha za vidole tu, na kidude hakioni vidole. Kwa hiyo niko katikati ya ua la shanga, giza. Napunga mkono, mwanga. Naanza kutafuta tundu la sindano, giza tena. Nashinda napunga mkono kama mtu anayeaga wasafiri.

Nilimwambia Denis. Akacheka, akasema nijizoeze kunyanyuka mara kwa mara, hata kiafya ni vizuri.

Hilo ningelisamehe.

Wiki iliyopita alikuja na kishikwambi chake, akasimama mlangoni wakati nahudumia mama mmoja aliyeleta gauni la binti yake.

"Shikamoo mama. Samahani, mfumo unaonyesha fremu yako haina mtu karibu siku nzima. Kuna watu wanaitaka nafasi. Mwisho wa mwezi itabidi utupishe."

"Denis, mimi nashinda humu. Kila siku unapita unaniona."

"Mimi nakuona, mama. Ila ripoti inayoenda kwa Hajjat inatoka kwenye mfumo."

Hajjat ndiye mwenye jengo. Yule mama wa gauni akanitazama, akalitazama gauni lake, akalikunja taratibu na kuondoka nalo. Simlaumu. Nani amwachie nguo ya harusi fundi anayetimuliwa?

Fremu hii niliipata mume wangu akiwa hai. Watoto wangu wote wamekulia chini ya meza hii, na wateja wananijua kwa mlango huu, hawanijui kwa simu. Ukinitoa hapa umenifuta. Na ananifuta mtu anayeniamkia kila asubuhi.

Wiki nzima nimekuwa nikimfanyia Denis mambo kichwani. Mara nampandisha ngazi zote amebeba cherehani. Mara nampa harusi tatu za Jumamosi moja na mama za maharusi wote wamesimama juu yake. Mwanaidi, fundi wa cherehani jirani yangu, akanishauri nifunge kitambaa kwenye feni kipepee, kidude kidhani ni mtu. Ghorofa ya pili ndivyo wanavyofanya. Nikakataa. Kitambaa kihesabiwe mtu, mimi nisihesabiwe?

Kisha tukatangaziwa wageni. Watu wa mipango ya miji janja, wanataka kuona jengo linalojiendesha lenyewe na kutunza umeme, na Hajjat atakuwepo. Denis akapita kila mlango akitusihi tuchangamke, tutembeetembee humo ndani, taa ziwake.

Nikaitikia sawa.

Leo walipopanda ghorofa ya tatu nilikuwa kwenye kiti changu, mlango wazi, gauni magotini, nafanya kazi kama kila siku. Sikufanya ujanja wowote. Denis akasimama kwenye korido, kanipa mgongo, anawaeleza wageni jinsi nishati inavyotunzwa, wote macho kwenye kishikwambi chake. Anajua kuongea, hilo simnyimi. Akaongea mpaka taa yangu ikazima nyuma yake.

Mgeni mmoja akanyoosha kidole. Denis akageuka kidogo tu.

"Mmeona? Mfumo umegundua hakuna mtu, umezima wenyewe. Hapo hakuna kinachopotea."

Wakapiga makofi.

Yaani nilipigiwa makofi kwa kutokuwepo, na nimekaa hapo hapo.

Nikayaacha yaishe. Halafu nikasema, kwa sauti yangu ya kawaida, kutoka gizani: "Karibuni."

Mgeni mmoja mwenye miwani aliruka. Hajjat akasogea mlangoni, akakunja uso akijaribu kuona.

"Nani yuko humo?"

"Mpangaji wako, Hajjat. Shikamoo."

"Marahaba. Mbona umekaa gizani?"

"Nipo kazini, Hajjat. Hii ndiyo ile fremu isiyo na mtu."

Nikapunga mkono. Taa ikawaka, wakaniona wote, na sindano yangu na ua nililolifikisha nusu. Mimi nilikuwa na mmoja tu wa kumtazama. Denis sura ilimshuka, jasho likamtoka na korido ina kiyoyozi. Roho yangu ikasuuzika. Naandika hivyo hivyo ilivyokuwa.

Hajjat akamuuliza mbele ya wageni, ni fremu zipi nyingine ambazo ripoti inasema hazina watu. Denis akasema ataangalia. Hajjat akasema aangalie sasa. Denis akasoma kwenye kishikwambi: fundi saa wa chini, binti anayechora hina ghorofa ya kwanza, mimi. Wote watu wa vidole.

Wageni walipoondoka Hajjat alirudi kwangu, Denis nyuma yake. Akasema fremu ni yangu, na wiki ijayo sisi watatu turudishiwe swichi, tuzime na kuwasha kwa akili zetu. Kisha akanigeukia.

"Na huyu nimfanyeje? Sema wewe."

Neno la kumfukuzisha kazi lilishafika mdomoni. Nikamwona ameinamisha kichwa, na sikumwonea huruma, nasema kweli. Nilichowaza ni kwamba atapata jengo jingine, na huko atasimama tena mlangoni kwa mtu amwambie mfumo unaonyesha. Kumfukuza kungekwisha upesi mno.

"Aje akae kwangu siku moja, Hajjat. Kabla swichi hazijarudishwa. Atie shanga."

"Kesho," Hajjat akasema.

"Sawa, mama," Denis akajibu. Sauti haikufika hata kwa Mwanaidi, aliyekuwa ametega sikio ukutani.

Sasa niko nyumbani najiuliza kama hiki ni kisasi au ni somo. Mtu mwenye staha angeandika somo.

Ni kisasi.

Kesho asubuhi anakuja. Nimeshamwekea stuli isiyo na mgongo. Kazi nimemchagulia mwenyewe: shanga nyeusi, ndogo kuliko zote nilizonazo, kwenye kitambaa cheusi.