Nguzo ya Tatu

3 Machi

Kwako Mama mkwe,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta mzima, na lile goti limepunguza ukorofi. Mimi mwili hauna neno. Mengine unayajua, maana ni yako pia.

Mama, nina jambo la kukiri. Siku ile tulipogawana vitu vya marehemu mke wangu uliomba kitu kimoja tu, baiskeli, nami nikakwambia fremu imekatika. Nilikudanganya. Ni nzima, iko hapa chumbani, imeegemea kabati upande wake wa kitanda. Najua ilikuwa yako kabla haijawa yake, na uliendea nayo wazazi miaka yote ya ukunga. Mdomo ulinitangulia.

Miaka minane yeye alikwenda kiwandani kwa baiskeli na mimi kwa basi la wafanyakazi. Tulikuwa tunampita pale kituo cha mafuta, yeye anakanyaga, mimi nampungia dirishani kama mbunge. Sasa basi likifika pale nageuza shingo bila kutaka. Kila siku. Jirani yangu wa siti ameshaanza kujifanya anasinzia. Nimechoka, Mama. Nataka kuachana na basi niende kazini kwa baiskeli.

Jana nilijaribu. Kilomita kumi na moja. Pale kilimani nilishuka kabla hata ya nguzo ya kwanza ya ule umeme mkubwa, nikakokota. Nilichelewa nusu saa. Na kazi yangu unaijua, kukata sponji za magodoro. Vumbi lake likaniganda kwenye jasho mwili mzima, nikawa kama kifaranga. Mnyapara amesema nikichelewa mara mbili tena, nitafute kazi kwingine.

Ukisema nirudishe baiskeli, nitarudisha. Lakini naomba usiseme.

Mkweo

12 Machi

Mkwe wangu,

Marahaba. Nipo. Goti lina siku zake, na nyumba ni kimya. Anayeniuliza nimeamkaje ni mtangazaji wa redio, naye hangoji jibu.

Habari ya fremu kukatika sikuiamini hata siku ile. Chuma kile nilikipanda nikiwa na mimba yake ya miezi saba. Nilinyamaza kwa sababu macho yako yalikuwa yamevimba, hapakuwa mahali pa kubishana.

Sasa nisikilize. Umefanya utoto. Mtu aliyekaa kwenye basi miaka minane haamki siku moja akapanda kilima. Wiki mbili hizi nenda kwa basi kama kawaida, na jioni endesha mpaka darajani, urudi. Wiki ya tatu nenda kazini na baiskeli Jumanne na Ijumaa tu, siku nyingine miguu ipumzike. Mwili ukiacha kulalamika, ongeza siku moja. Ukilalamika, punguza. Kunywa maji kabla ya kiu. Acha shati la kubadili kazini. Pandisha kiti, yeye alikuwa mfupi. Na kilimani usitazame juu; tazama gurudumu la mbele, upumue kama nilivyokuwa nawaambia wanawake wodini: taratibu, bado, usimalize nguvu mapema.

Kilima hicho nakijua, zahanati yangu ilikuwa juu yake. Nguzo ni tano.

Baiskeli kaa nayo. Lakini tuelewane: utakapokipanda kilima chote bila kushuka wiki nzima mfululizo, utaniletea. Na uje ukiiendesha, usiipakie kwenye gari. Kilomita arobaini hazimuui mtu.

Mama mkwe wako

20 Aprili

Mama mkwe,

Shikamoo tena. Goti linaendeleaje? Mimi mapaja yananiuma mpaka nikikaa chooni natafuta pa kushika. Nisamehe kwa kusema hivyo kwa mkwe, ila daktari wangu ni wewe.

Nimefuata yote. Lile la kiti ndilo lilinichukua siku nne. Spana niliazima siku ya kwanza, ikakaa tu mezani. Mwishowe nilikwaruza alama kwa msumari pale alipokuwa amekiweka, ndipo nikapandisha.

Sasa nakwenda Jumanne, Alhamisi na Ijumaa. Sijachelewa tena. Kwa sababu ya kile kikapu cha mbele na fremu ya kike, wakata sponji wenzangu wananiita Bi Harusi, na mlinzi wa geti hunifungulia kwa kuinama. Nacheka nao. Ila wiki iliyopita nilipiga kengele pale getini, na washonaji wawili waliokuwa meza moja na yeye wakageuka kwa pamoja, wakitabasamu. Waliponiona mimi wakainamisha vichwa. Tangu hapo siipigi.

Kilima bado. Nimefika nguzo ya tatu, hapo pumzi inakata, nashuka.

Mkweo

2 Mei

Mkwe wangu,

Marahaba. Afya yangu ni ya kuazima lakini inatembea.

Nguzo ya tatu inawashinda wengi, hapo njia inasimama kama ukuta. Yeye alipokuwa na miaka kumi na miwili alishuka hapo hapo mwaka mzima. Alikuwa analia kwa hasira. Sikushuka kwenda kumsaidia. Nilikuwa nasimama juu, mlangoni pa zahanati, nangoja, ili ajue kuna mtu huku.

Endelea. Kengele ipige, ndiyo kazi yake.

Mama mkwe wako

9 Juni

Mama mkwe,

Shikamoo. Nakuombea nafuu ya goti na usingizi mzuri.

Nimeshaachana na basi kabisa. Naenda siku zote sita. Natoka saa kumi na mbili na nusu, saa moja na dakika kumi nimeshafika, namkuta mlinzi anatafuta funguo. Suruali zimeanza kunivuka. Hata lile vumbi la sponji haligandi tena mwilini, nabaki mtu mzima kama wengine.

Ila kilima, Mama, kimenishinda. Nguzo ya tatu nashuka. Sidhani kama nitaweza mwaka huu. Tuendelee kuandikiana nikueleze ninavyojaribu.

Mkweo

7 Julai

Mama mkwe,

Shikamoo. Ni wiki nne tangu nikuandikie, na sijaona jibu lako. Kila nikirudi kazini naangalia chini ya mlango kabla hata ya kuvua viatu. Unaumwa? Kama ni goti, mwambie jirani aniandikie mistari miwili.

Mimi mzima. Nguzo ya tatu bado.

Mkweo

15 Julai

Mwanangu,

Marahaba. Siumwi. Nilinyamaza makusudi nione kama utasema kweli, na hukusema.

Huu ni uongo wako wa pili, na wewe uongo huujui. Kukokota baiskeli kutoka nguzo ya tatu mpaka juu ni robo saa, nimefanya hivyo nikiwa na mkoba wa kazi mgongoni. Anayekokota hawezi kufika kiwandani kwa dakika arobaini. Tena anafika amelowa, na sponji ingekuganda mpaka kwenye kope. Kilima umekipanda zamani.

Nilikasirika siku mbili. Halafu nikaelewa. Unaogopa ukiniletea baiskeli tutakuwa tumemalizana.

Basi na mimi nikiri. Goti hili haliwezi hata ngazi, baiskeli ningeifanyia nini? Niliiomba siku ile kwa sababu sikujua mtu anamwombaje mkwe wake asimsahau. Nimezalisha watoto wa watu miaka thelathini na mmoja. Wangu nilizaa mmoja. Aliyebaki kuniita mama ni wewe peke yako.

Njoo. Utarudi nayo.

Mama yako

22 Julai

Mama,

Shikamoo. Safari hii hali sikuulizi.

Ni kweli. Nilikipanda mara ya kwanza tarehe kumi na nne Mei. Nguzo ya tatu nilitazama gurudumu, nikapumua ulivyosema, nikashtukia nguzo zimekwisha. Nikasimama juu. Ile zahanati sasa ni ghala, mlango una kufuli. Hapakuwa na mtu. Nilitaka sana kumwambia mtu, Mama, na niliyemtaka hayupo, na nikikwambia wewe ungesema lete. Nikapiga kengele mara moja, nikaendelea na safari. Tangu hapo sijashuka tena.

Leo nimeomba ruhusa kwa mnyapara. Natoka kesho alfajiri. Kuna vilima viwili mbele ambavyo sivijui, ila nimerudi kwenye basi siku mbili kupumzisha miguu, na chupa za maji ziko kwenye kikapu. Spana nakuja nayo. Alama ya kimo chake kwenye kiti bado ipo. Nitakishusha hapo, uikalie kidogo uani, mimi nitaishika.

Barua hii sikuitia stempu, iko mfukoni. Nitakupa mkononi. Najua utaisoma nikiwa nimeshaingia, ila naandika hivyo hivyo: ukisikia kengele usihangaike kuja mlangoni, kaa hapo hapo ulipo. Nitafungua mwenyewe.

Mwanao