Macho ya Bibi

Mama,

Huku wageni wameanza kujaa. Mjomba kanipa kazi ya kutengeneza picha kubwa ya Bibi, ya kuweka mbele kesho tukimuaga. Shida ni kwamba kila picha anacheka mpaka macho yamefumba. Mjomba hataki: "Tunamuaga mama yetu, hatutangazi dawa ya meno."

Basi nikambandikia macho ya Mama Mdogo kwa kompyuta. Mwenyewe alipoona akauliza, "Huyu tumemkosea nini?" Tulicheka, halafu akalia.

Nimejaribu kila ujanja ninaoujua, nimekwama kabisa. Wote wanasema macho ya Bibi unayo wewe. Najua kazini wamekunyima ruhusa ya kuja. Basi jipige picha ukiangalia mbele, unitumie leo. Hata kama yamevimba kwa kulia, tuma hivyo hivyo.

Mwanao,
Fundi wa kujifundisha