Kitovu cha Furaha na Ua la Bondeni

Jumanne, 17 Aprili 2012
Nimemwosha mtoto wangu Furaha, maji nimemwaga nyuma ya nyumba kama kila siku. Fasi ile ya maji haikauki. Nimepanda pale maua mawili niliyong'oa bondeni karibu na ziwa. Yale meupe yenye mistari ya rangi, kichwa cha chini kama kitunguu kikubwa. Nimechimba shimo refu kama la mgomba. Yatashika.

Jumatatu, 30 Aprili
Moja limeoza. Linanuka! Nimerudi bondeni kuangalia wenzake: shingo zote za vichwa ziko inje ya udongo. Mimi nilizika kabisa. Hili la pili nimelipandisha. Mama mkwe amecheka mpaka akakaa chini. "Mama Furaha, tutasonga bukari tule na maua?" Anataka kupanda magimbi pale.

Ijumaa, 8 Juni
Kwetu kitovu cha mtoto kinazikwa kwenye mgomba wa nyumba. Mgomba wetu wa hapa ulikauka. Kitovu cha Furaha mama mkwe amekifunga katika kitambaa. Mwezi wa kumi anarudi kwetu Fizi, atakizika kule. Imeniuma. Mtoto amezaliwa hapa ukimbizini Nakivale. Nataka kitovu chake kikae hapa, chini ya ua langu. Nimemwambia. Amesema ua si mti, linakufa.

Jumamosi, 11 Agosti
Jua kali. Majani yote yamelala, makavu. Mama amekuja na jembe. Nimesimama mbele yake, Furaha mgongoni. Sijawahi kumkatalia kitu.
"Limekufa, binti yangu."
"Limelala, mama."
Akaweka jembe chini. Likirudi kabla hajasafiri, kitovu kitabaki. Amesema hivyo mwenyewe. Nimebonyeza kichwa cha ua kwa kidole. Kigumu. Kizima.

Jumatano, 19 Septemba
Mvua mingi. Ua, hakuna. Baba Furaha ameenda Mbarara kumnunulia mama yake viatu vya safari. Mama anakunja nguo. Naogopa kidogo. Maji namwaga.

Alhamisi, 27 Septemba
Limetoka! Majani mawili, na kijiti kinene kama kidole gumba. Nimepiga kelele, Furaha akalia. Mama amekuja, ameinama kuangalia.

Jumanne, 9 Oktoba
Limefunguka. Asubuhi mama amechimba kwa mkono, pembeni, asiguse mizizi. Ameweka kitovu, ameomba, amefunika. Kitambaa amekifua.
Kisha akauliza kama anaweza kuchukua kile kitoto cha ua kilichoota ubavuni. Nimekifunga katika kitambaa kilekile.
Nimemsindikiza mpaka Rwekubo, kwenye gari. Gari linawashwa, nikamwambia, mama, shingo ibaki inje.