Nilinakili Upya Daftari la Baba, Sasa Anaitwa Mwongo

Mpendwa mshauri, naomba msaada wako, na unisamehe nikieleza vibaya, mimi si msemaji, hata darasani mwalimu akiniuliza swali ambalo jibu lake nalijua huwa naangalia dawati mpaka amwite mwingine, lakini kuandika naweza, na balaa langu limeanzia hapo hapo kwenye kuandika.

Nina miaka kumi na sita. Baba alikuwa fundi kwenye bohari ya kampuni kubwa ya mafuta, pale malori ya matangi yanapojaziwa. Miaka tisa iliyopita rafiki yake wa kazini, ambaye mimi namwita Baba Mdogo, aliungua mikono yote miwili, kwa sababu mpira wa kujazia ulipochomolewa ulitema petroli iliyobaki ndani na cheche ikawa karibu. Baba alikaa kimya karibu mwezi mzima, halafu akaanza kuchora. Akatengeneza kifaa cha kujifunga chenyewe kwenye mdomo wa mpira kabla haujachomoka, akatumia springi ya kitanda na boya la tangi la choo chetu (choo kilivuja wiki mbili, mama hajasahau mpaka leo), na kwa kuwa kile kifaa kinarudisha kichwa ndani, wenzake wakakiita kobe.

Mhandisi wa kampuni alikuja karakana, akamgeuza kobe huku na huku, akamchukua akisema ni kwa majaribio. Baba akapewa cheti cha shukrani na chupa ya chai. Mwaka uliofuata kila mpira wa kampuni ile ulikuwa na kobe, amepakwa rangi ya njano, amepewa namba, na karatasi zake zikasema amebuniwa na kitengo cha ufundi cha makao makuu. Baba alipoanza kuuliza, mkataba wake haukuendelezwa. Sasa anatengeneza pampu za maji kwenye kibanda nyuma ya nyumba yetu, na huu ni mwaka wa tatu anadai fidia. Mama husema angeletewa mke mwenza wa kweli angeshamzoea, kuliko huyu wa makaratasi. Wateja nao humtania, "Mzee Kobe, kesi imefika wapi?" Anajibu, "Inatembea." "Kwa mwendo wa nani?" "Wa mwenye jina." Wanacheka, na yeye anacheka, lakini mimi namwona mkono wake unavyokaza spana.

Barua zote za kampuni huja kwa lugha tunayofundishiwa shuleni, na baba aliishia shule ya msingi, kwa hiyo mimi ndiye ninayemsomea na kumwandikia majibu. Ananiita Katibu. Nina sheria moja tu, kwamba hagusi karatasi kabla ya kunawa. Nikimwambia, "Baba, mikono," anakwenda kunawa kwa sabuni ya unga kama mtoto, anarudi ananionyesha viganja pande zote mbili.

Sasa ndiyo naungama. Nilipokuwa na miaka kumi na tatu baba alinipa daftari lake la michoro niliambatanishe na madai kwa baraza la usuluhishi. Lilikuwa limejaa grisi, kurasa zimeshikamana, ameandika mpila badala ya mpira, ameandika tarehe kwa penseli, na mimi nikaona aibu, mshauri, nikawaza wale wakubwa watalifungua na kucheka. Nikanunua daftari jipya la shule nikalinakili lote kwa siku nne, nikanyoosha mistari kwa rula, nikasahihisha maneno, nikaweka tarehe zake zile zile kama alivyoziweka, na maandishi ya mhandisi pembeni mwa mchoro wa kobe, aliyoyaandika kwa kalamu ya kijani siku ile alipokuja karakana, nikayaacha kwa sababu hayakuwa ya baba na yalichafua ukurasa. Nikapeleka langu. La baba nikalificha kwenye sanduku la sare zangu za zamani, na yeye mpaka leo anajua daftari lake liko baraza.

Siku kumi na tisa zilizopita ilikuja barua kutoka baraza. Inasema kampuni imelipinga daftari letu, kwamba michoro ina tarehe za miaka tisa iliyopita lakini nyuma ya jalada imechapwa kalenda ya mwaka niliolinunua, kwa hiyo ni la kughushi, na baba asipoleta daftari la asili ndani ya siku thelathini madai yanafutwa, na kampuni itafikiria kumshitaki. Baba alikuwa amesimama mbele yangu na viganja vyake safi. Akasema, "Haya Katibu, wanasemaje?" Nikasema, "Wanasema wamepokea, tusubiri." Akacheka akasema, "Wao wamezoea kusubirisha, mimi nimezoea kusubiri, tuone nani atachoka." Akaenda kumwambia Baba Mdogo, ambaye mpaka leo hawezi kushika kikombe kwa mkono mmoja, na wote wawili wakafurahi kwa ule uongo wangu.

Zimebaki siku kumi na moja. Kuna wakati nawaza nilichome lile daftari la zamani, madai yafutwe, mama apumzike, na baba asijue kamwe kwamba mwanawe aliyeaibika na maandishi yake ndiye aliyemfanya aitwe mwongo. Tafadhali usitaje mtaa wetu. Nifanye nini?

Katibu wa Baba

MSHAURI ANAJIBU

Katibu, mwanangu, barua yako nimeitanguliza mbele ya nyingine zote kwa sababu siku zako zinahesabika, na neno la kwanza ni hili: weka kiberiti chini.

Nakuonea huruma. Kubebeshwa mzigo wa kusoma barua za wanasheria ukiwa na miaka kumi na tatu si mchezo, na wapo watu wazima wenye shahada ambao wangetetemeka. Kunakili daftari hakukuwa kosa la mwizi. Ulikuwa mtoto uliyefundishwa shuleni kwamba kazi chafu haisahihishwi, ukaamini dunia nzima ni mwalimu wako. Hilo nalisamehe. Lile la siku kumi na tisa silisamehe haraka hivyo. Ulimtazama baba yako machoni ukampa furaha ya uongo, na kila asubuhi tangu siku hiyo umempa tena. Unasema unamkinga. Hapana, mwanangu, unajikinga wewe, na unamtumia yeye kama ngao. Mficha maradhi, kifo humuumbua.

Tena umenishangaza. Wewe unayesoma lugha mbili hukuiona barua yako mwenyewe? Umeandika kwa kupita tu, kama mtu anayesimulia doa kwenye nguo, kwamba kwenye ukurasa wa kobe kuna maandishi ya mhandisi kwa kalamu ya kijani. Mhandisi wa kampuni hiyo hiyo inayosema kobe alizaliwa makao makuu! Sijui aliandika nini, na sikuahidi ushindi, maana mimi si hakimu. Lakini ulichokiacha kwa sababu kilichafua ukurasa huenda ndicho shahidi pekee ambaye kampuni haiwezi kumwita mwongo bila kujiita yenyewe. Grisi nayo ni shahidi. Hata ule mpila wa baba yako ni shahidi. Mtu anayeghushi hunyoosha mistari kwa rula.

Sasa sikiliza, na ufanye hivi. Leo hii, si kesho, litoe daftari sandukuni. Usilifute, usilipanguse, usitenganishe kurasa zilizogandana, usiongeze hata nukta. Mwambie baba yako kila kitu mbele ya mama yako, kisha msomee barua ya baraza neno kwa neno, na pale panapouma usiruke. Kesho mtangulizane wote hadi kituo cha msaada wa kisheria, pale hawatozi, na Baba Mdogo aende nanyi, kwani mikono yake inajua kobe alianza lini na kwa nini. Mwanasheria atakuandalia maelezo ya kiapo, useme mwenyewe kwamba ulinakili, lini na kwa nini. Najua huwezi kusema mbele za watu. Basi andika, kisha utie saini jina lako kamili, si hili la kujificha. Zipigeni picha kurasa zote zinazofunguka, nakala zigongwe mhuri, na daftari lenyewe lisiingie mkononi mwa mtu yeyote wa kampuni, hata akija na tabasamu na chupa nyingine ya chai. Likabidhiwe baraza tu, kwa stakabadhi. Na mtu wa kampuni akileta karatasi ya kusaini, baba yako asisaini kabla mwanasheria hajaisoma.

Ukiulizwa kwa nini uliificha kazi yake, usiseme ulisahau. Sema uliona aibu. Itamchoma, na wewe itakuchoma zaidi, lakini mtu aliyedanganywa na kampuni miaka yote hii anastahili walau nyumba moja ambamo anaambiwa ukweli. Huenda akanyamaza siku mbili. Mwache anyamaze. Alinyamaza karibu mwezi mzima Baba Mdogo alipoungua, na unajua mwenyewe kilichotoka kwenye ukimya ule.

Basi nenda sasa hivi, kibandani kwake, palipo na pampu. Mpe daftari lake mkononi. Na leo usimwambie anawe.