Kifurushi Ndani ya Sanduku la Mboji

Moa, Jumatano, 1956

Manyunyu ya mchoo, mvua za baada ya masika, yananyesha na kuacha tangu alfajiri. Ufizi bado unaniuma pale nilipong'olewa jino, lakini si jino lililonikosesha raha leo.

Ni mkwe wangu.

Zaina ana miezi michache tu katika nyumba hii. Mwanangu Athumani alimwoa huko milimani, karibu na Amani, akaniletea, kisha yeye akarudi Tanga kwenye kazi yake ya bandarini. Nimebaki na msichana asiyesema. Asubuhi "shikamoo mama", jioni "shikamoo mama", katikati ni kimya na kufagia. Mtu anayefagia namna ile lazima ana jambo analolifukia.

Nyuma ya nyumba nina masanduku yangu matatu ya mboji. Nayasifu kwa sababu niliyaunda mwenyewe na hakuna kitu ndani yake kilichonunuliwa. Nguzo ni boriti za jiko letu la zamani lililoanguka. Kuta ni mbao za makasha ya sabuni, na pale zilipopungua nikapasua madebe ya mafuta ya taa, nikayanyoosha kwa jiwe na kuyafunga kwa kamba za mkonge. Kifuniko cha sanduku la kati ni mlango wa banda la mbuzi, na komeo lake bado liko. Sanduku la kwanza hupokea maganda na majani, la kati huyaivisha pamoja na mavi ya mbuzi, na la tatu hunipa udongo mweusi wa kuweka kwenye mchicha. Bwana Shamba alipopita alitaka sote tuchimbe mashimo. Nikamwambia shimo la huku hujaa maji, naye akaenda zake.

Tangu wiki iliyopita nalikuta lile komeo limesukumwa nusu. Mimi hulisukuma mpaka mwisho. Kisha mkungu wa ndizi kisukari ukatoweka mgombani. Nikasema moyoni, ameuuza kwa wapita njia wa Horohoro. Nikaanza kumvizia.

Leo asubuhi nilichomeka kijiti katika sanduku la kati, kama nifanyavyo siku zote. Ukikichomoa kikiwa cha moto, unajua mboji inafanya kazi. Leo kilizama, kikagota kitu laini. Nikafukua kidogo kwa jembe, nikaona kifurushi kimefungwa kwa kamba ya mkonge, mafundo matatu, na kitambaa chake ni leso yangu.

Leso yangu mwenyewe, niliyoitupa kwenye matambara.

Nguo iliyokunywa jasho langu imezikwa kwenye joto, na aliyeizika namjua. Nikamwita jirani yangu Bi Mwanatumu pale uani. Alichungulia mara moja tu akarudi nyuma. "Wee Bi Riziki, hilo fingo hilo. Usilitie mkono. Umeshazikwa hapo, taratibu taratibu utakwisha. Jino si limeshatoka?"

Sikungoja zaidi. Nilikwenda barabarani, nikasimamisha lori la nazi linalokwenda Tanga. Dereva ananijua. Nikamwambia amfikie Athumani bandarini leo hii: mama yake amesema aje Ijumaa amchukue mkewe, amrudishe kwao. Dereva akauliza kuna nini. Nikamwambia afikishe maneno, asiyachambue.

Nikarudi, nikachukua koleo la makaa, nikasoma aya nilizojaliwa kuzijua, nikakivuta kile kifurushi.

Kilinukia.

Nilikifungua kwa ncha za koleo. Ndani ya leso kulikuwa na majani ya mgomba, tabaka juu ya tabaka, na ndani ya majani zile kisukari, zimeiva, zina vuguvugu kama mkate. Alikuwa amezivumbika. Sote tunavumbika ndizi, kwenye shimo au mtungi, lakini nani huku kwetu angezivumbika kwenye mavi ya mbuzi? Na nani ana haja ya ndizi laini humu ndani kama si mimi, niliyeshinda wiki nzima nikilalamika kwamba hata wali unanichoma ufizi?

Nikakaa chini pale pale. Nilimwonea haya, ingawa yeye alikuwa kisimani.

Hata hivyo nilishuku bado. Nikajiuliza kwa nini hakuniambia. Kisha nikajiuliza ni lini nilimwacha aseme zaidi ya shikamoo. Nikala moja, kuhakikisha. Nikala ya pili kwa sababu ya kwanza ilikuwa tamu. Maganda nikayatupa sanduku la kwanza kwa mazoea, nikafunga mafundo, nikafukia, nikasukuma komeo nusu kama alivyoliacha yeye.

Baada ya Alasiri Zaina ameniletea ndizi kwenye sahani, amezifunika kawa. "Shikamoo mama. Zimeiva. Nilitaka upate cha kula kisichokuumiza." Nikaitika marahaba na kujifanya nashangaa, vibaya nadhani. Hakuondoka. Alitazama chini, kisha akauliza taratibu, "Mama, panya wa huku pwani huwa wanamenya?"

Nilicheka mpaka ufizi ukaniuma. Naye akacheka, ndipo nikaona kumbe ana mwanya.

Sasa yuko uani anafua ile leso, anaimba kitu cha kwao. Bi Mwanatumu nimempelekea ndizi, akazinusa kwanza. Na lori limeshafika Tanga. Athumani atakuja Ijumaa amekunja uso, atauliza mbele ya mkewe amekosa nini, na msichana huyu hatanichekea tena namna ile. Hilo ndilo ninaloliogopa, kuliko fingo.

Ijumaa nitakuwa barabarani kabla ya lori litakalomleta, nimdake kabla hajafika nyumbani. Nitamwambia mama yako amekosea. Halafu kwa Zaina tutasema nilimwita mume wake aje ale ndizi kabla panya hawajazimaliza.

Lakini Zaina ndiye aliyeyaona yale maganda. Na uongo huu hataugundua?