Nati Mbili Nilizozifunga kwa Vidole

Mpendwa mshauri, nisaidie, maana aibu imenijaa hadi nashindwa kumtazama mjomba wangu usoni. Mimi ni fundi wa magari, na mjomba alikuwa dereva wa basi la shule kwa miaka kumi na minne, tena yeye ndiye aliyenipigia debe nipewe kazi ya kulitengeneza. Mwezi uliopita nilibadilisha klachi, nikashusha giaboksi, nikairudisha, lakini nati mbili za kuishikilia nilizizungusha kwa vidole tu nikisema nitazikaza kwa spana, simu ikaita, nikasahau. Wiki hiyohiyo gia ya tatu ikaanza kuchomoka yenyewe kwenye mteremko, watoto wamo ndani, mwalimu mkuu akaniita, nami bila hata kuchungulia chini ya gari nikamwambia, "Ni mkono wa dereva huo. Anauegemeza kwenye gia kutwa, lazima vyuma vya ndani viishe." Kweli mkono huharibu gia namna hiyo, na mjomba anayo tabia hiyo, basi wote wakaamini, mzee akaachishwa kazi. Nilipoingia chini ya gari nikakuta nati zangu zinaning'inia, giaboksi inacheza, kumbe ndiyo iliyokuwa ikiichomoa gia, nikazikaza kimyakimya. Sasa dereva mpya anaendesha bila shida, na mwalimu mkuu ananiambia, "Umeona? Alikuwa ni yule mzee." Juzi mjomba kanipigia: "Mpwa wangu, niambie ukweli, hivi ni mkono wangu kweli?" Nikajifanya simsikii, nikakata simu. Nifanyeje?

Fundi mwoga

Fundi, kusahau nati ni ubinadamu, na kwa hilo nakuhurumia. Lakini ulipoziona zinaning'inia ukazikaza na mdomo ukaufunga, hapo hukusahau kitu. Na wale watoto kwenye mteremko, wangepata ajali ungemsingizia nani?

Sasa sikia. Leo hii nenda kwa mjomba, wewe mwenyewe, usimtume mtu wala usibebe zawadi. Mzee wa watu ameanza kuutilia shaka mkono wake, na jibu unalo wewe peke yako. Kesho asubuhi mwende pamoja kwa mwalimu mkuu, useme mbele yao wawili kwamba nati hukuzikaza, uandike hivyo na utie sahihi, kisha uombe arudishwe kwenye usukani. Ukinyang'anywa kazi ya basi, kubali bila kununa.

Mjomba akikuuliza kwa nini ulinyamaza, usianze hadithi ya simu. Mwambie uliogopa, halafu kaa kimya umsikilize, hata akikutukana.